Panya Asiyeshtuka

Mama alipoambiwa kuwa binti yake ameajiriwa kwenye maabara ya panya, alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mimi nawategea mitego, wewe unalipwa kuwafuga," alisema.

Hakujua binti alichokifuata mle ndani. Mdogo wake, seremala, alizaliwa hasikii, kama mjomba wao. Madaktari walikuwa wamegundua chanzo: jeni moja ya sikio, yenye herufi moja ya DNA isiyo mahali pake. Kazi ya dada mtu ilikuwa kutafuta jeni inayolingana nayo kwa panya na kuionyesha kwenye ramani ya kromosomu zake.

Asubuhi moja aliziweka jeni hizo mbili sambamba kwenye kompyuta, ya binadamu juu, ya panya chini. Alitegemea zifanane hapa na pale tu. Herufi zikaenda pamoja, mstari baada ya mstari, kama watu wawili wanaosoma dua moja. Akatazama jeni za jirani. Jeni iliyotangulia, ile ile. Iliyofuata, ile ile. Kromosomu tofauti, lakini mtaa ule ule. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mamilioni ya miaka tangu binadamu na panya waachane njia, na mpangilio ulikuwa bado umesimama.

"Jeni hiyo?" mtunza panya alimwambia. "Mbona tunaye mwenye hitilafu hiyo, chumba cha pili."

Jumamosi akaja na mdogo wake. Mtunza panya aligonganisha mabati mawili hewani. Panya wa kizimba cha kwanza waliruka wote. Wa kizimba cha pili, peke yake, aliendelea kupangusa masharubu.

Seremala akauliza kwa mikono, "Huyu naye?"

"Huyu naye," dada akamjibu kwa mikono pia. "Jeni ile ile."

Seremala alisogea taratibu, akagonga meza kwa kidole, kama walivyozoea kumwita nyumbani. Mtikisiko ukafika kizimbani. Panya akaacha masharubu, akageuka, akamwelekezea pua.

Mtunza panya alikuwa bado ameshika mabati yake.

"Wengine wenye jeni hii ni nani?" seremala aliuliza kwa mikono.

"Ng'ombe. Kuku. Hata samaki."

Alimkodolea macho dada yake, kisha akavuta kiti, akaketi.

"Anza na samaki," akasema kwa mikono.