Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Jumamosi ile Sidi alianza kupaka rangi chumba cha kulelea watoto wa watu kabla jua halijawa kali. Rangi yenyewe ilikuwa makombo. Fundi mmoja aliyekuwa akifanya kazi Nyali alimwachia ndoo alizobakisha: moja ya kijani, moja ya waridi, na moja ya rangi ambayo hata fundi mwenyewe hakuijua jina. Haikutosha ukuta mzima, basi Sidi akapaka kutoka sakafuni hadi kimo cha mtoto, akaiacha sehemu ya juu ilivyo. Mtoto haangalii juu ya kichwa chake, alijiambia, na mama zao wakija jioni huwa wamechoka hata kuinua macho.

Kilikuwa chumba kimoja tu, nyuma ya duka la unga huko Mtopanga, Kisauni, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Chini alitandika magunia ya sukari aliyoyafua na kuyashona pamoja, juu yake akaweka leso kuukuu. Kreti za soda zilizopasuka alizifunga ukutani kwa waya zikawa rafu. Ya kwanza ilikuwa ya vikombe, ya pili ya vifuniko vya chupa vya kuchezea, na ya tatu ilibeba wanasesere wawili na gari lisilo na magurudumu. Tairi la tuktuk alilipaka waridi likawa kiti. Chumba kidogo hakisamehe uvivu, na Sidi hakuwa mvivu, kwa hiyo kufikia adhuhuri kila kitu kilikuwa kimepata mahali pake isipokuwa meza. Meza hakuwa nayo. Alikuwa na mlango.

Ulikuwa mlango wa mbao ya mbambakofi, mzito, wenye kitasa cha shaba, na marehemu mumewe Nguma alikuwa amejinyima mengi ili autie kwenye nyumba yao. Nyumba hiyo ilikuwa mitaa miwili kutoka hapo. Nyumba ilikuwa ya Sidi. Ardhi iliyo chini yake haikuwa ya Sidi. Ndivyo wengi Kisauni wanavyoishi: unajenga nyumba yako juu ya ardhi ya mtu, unamlipa kodi ya ardhi, na siku akiamua kuiuza, nyumba inabaki kuwa yako ila haina pa kusimama. Basi ardhi ikauzwa. Tingatinga likaja asubuhi, na tingatinga halipigi hodi. Kijana aliyekuja nalo, mwenye shati la kupigwa pasi, alikuwa na adabu zaidi.

"Mama, hakuna anayekunyang'anya nyumba," alimwambia. "Nyumba ni yako. Ichukue."

Sidi alipata muda wa kuchukua mlango tu. Jirani mmoja aliyekuwa akimsaidia kung'oa bawaba alimtania, "Nyumba njema si mlango, mama," naye Sidi akacheka, kwa sababu kulia kungemchelewesha.

Kitu alichokitaka kuliko mlango hakukiwahi. Kilikuwa mwimo wa mlango wa chumba cha ndani, ule wa upande wa kushoto. Hapo ndipo alipompima Pascalia, mwanawe wa pekee, kila Krismasi, akikata mstari kwa kisu juu ya utosi wake, tangu mtoto alipoweza kusimama dede hadi Krismasi ya mwisho kabla ya homa kumchukua. Picha zake anazo mbili. Lakini picha haikwambii mtoto alikufikia wapi alipokukumbatia. Sidi alikuwa ameanza kusahau, na jambo hilo lilimtisha. Mtaa mzima bado ulimwita Mama Pascalia.

Basi akamimina masalio ya rangi kwenye mikebe, akaulaza mlango juu ya ndoo tupu, kitasa kikiwa juu, ukawa meza.

Jumatatu watoto walikuja. Ni watoto wa wanawake wanaoshona nguo kiwandani na kupakia mizigo magodauni, wa karibu miaka mitatu hadi sita, na mkubwa wao kwa maneno alikuwa Griffin, mwana wa Mwende. Mwende ni mtu wa Machakos, na Griffin alikuwa amezoea kuitikia "eeh" mpaka Sidi alipomfunza kusema "naam". Walipoanza kucheza mchezo wa baba na mama, Griffin aliitazama meza, akaona ina kitasa, akafanya lile alilofunzwa kufanya mbele ya mlango wa mtu. Aliubisha kwa vifundo vya vidole.

"Hodi!"

"Karibu!" ikaitikia sauti ya mwanamume kutoka chini.

Sidi alikuwa nje kizingitini, akikoroga uji. Alipogeuka na sufuria, chumba kilikuwa kitupu. Ndara za watoto zilikuwa zimepangwa kando ya meza, jozi kwa jozi. Mlango ulikuwa umeinuka ukaegemea ukuta wa kijani, na chini yake vilisikika vishindo vya miguu mitupu ikikimbia kwenye sakafu pana. Sidi aliijua ile sakafu. Ilikuwa na mwangwi karibu na jikoni, mahali ambapo Nguma hakushindilia kifusi vizuri.

Aliitua sufuria ili asiungue. Kijana wa shati la pasi alikuwa amemwambia achukue nyumba yake, naye alikuwa amechukua mlango, na nyumba ilikuwa imeufuata mlango wake. Sidi hakuona la ajabu hapo. Aliita, "Uji!" nao wakatoka mmoja mmoja, wakavaa ndara, na mlango ukalala ukawa meza tena.

"Ni nani huko aliyewakaribisha?" Sidi akamuuliza Griffin.

"Kuna baba amekaa sebuleni. Ana rungu. Ametwambia tusivunje kitu."

"Kuna nini cha kuvunja?"

"Hakuna kitu," Griffin akasema, akanywa uji.

Jioni Mwende alipokuja kumchukua mwanawe, Sidi alimweleza, maana mzazi ana haki ya kujua mtoto wake alishinda wapi. Mwende alifikiri kidogo.

"Hiyo nyumba ya chini iko na choo?"

"Kipo."

"Basi si ni poa, Mama Pascalia. Wacha wacheze huko. Hapa wanabanana sana."

Mama wengine nao walisema vivyo hivyo. Chumba kimoja kilikuwa kimekuwa vitano, na hakuna aliyetoa senti zaidi.

Siku hiyohiyo, watoto walipolala mchana, Sidi alikuwa ameshika kitasa akauinua mlango. Chini yake palikuwa na sakafu ya chumba cha kukodi, ndoo za rangi, na mende mmoja. Akaulaza. Alijua mara moja kilichokuwa kimekosekana. Watoto walipiga hodi, yeye hakupiga. Na hakuwa tayari kupiga. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Ukisimama mbele ya mlango wako ukaomba kuingia, umekwisha kukubali kwamba ndani kuna mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Sidi alikuwa ameudhiwa mengi mwaka ule, lakini hilo hakuna aliyekuwa amemlazimisha bado.

Akamtuma Griffin. Alimpa uzi wa kufumia, akamweleza polepole: chumba cha ndani, mwimo wa kushoto, kuna mistari, weka ncha ya uzi sakafuni, funga fundo penye kila mstari. Griffin alisema naam. Alirudi na uzi uliojaa mafundo kila mahali, mengine mawilimawili, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba anapenda kufunga mafundo.

"Mistari ipo?" Sidi akauliza.

"Ipo. Wa juu kabisa unanifika hapa," akajigusa paji la uso, kisha akabadilisha akajigusa sikio.

Sidi aliuhifadhi ule uzi pamoja na ubatili wake.

Mambo yaliendelea hivyo kwa majuma kadhaa, na huenda yangeendelea zaidi kama Mwende hangekuja jioni moja akageuza miguu ya mwanawe akazitazama nyayo.

"Mama Pascalia, huyu amekanyaga simiti wapi? Imekauka mpaka kwa kucha."

"Nyumbani kwangu," Sidi akasema.

Aliwauliza watoto, nao wakasema kwamba sebuleni kumeota nguzo. Ilianza moja, sasa ni tatu, na nyingine iko jikoni palipokuwa na mwangwi. Mtaa mzima ulijua kwamba mwenye ardhi mpya alikuwa akijenga fleti kwenye kile kiwanja. Hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba kiwanja ni kilekile. Baba mwenye rungu, watoto wakasema, amewaambia wasiingie tena chumba cha ndani, kwa sababu mbao zimeshapigiliwa na vyuma vimesimamishwa, na zege litamwagwa kesho yake asubuhi.

Sidi aliwaosha miguu wote. Alimwomba Mwende akae nao kidogo. Akachukua uzi mpya, akavua ndara zake, akazipanga kando ya meza. Akapiga magoti mbele ya mlango ambao mumewe alijinyima ili aununue. Mwende aligeuka akawashughulisha watoto na vifuniko vya chupa.

"Hodi," Sidi akasema.

"Karibu, mama," sauti ikajibu. "Karibu ndani."

Mlango ukainuka, akashuka. Mwanamume wa makamo aliyevaa kabuti la bawabu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mahali lilipokuwa kochi. Juu yake palikuwa na dari ya Sidi, na pia palikuwa na mbingu na kamba za wajenzi. Vyote vilikuwapo bila kugombana. Nguzo zilipanda kutoka sakafuni zikapenya dari. Yule mwanamume aliinuka, kama mtu anavyomwinukia mgeni.

"Naitwa Jefwa. Nimeandikwa kulinda hapa. Nimeambiwa nisimruhusu mtu kupita getini." Alikuna shingo. "Lakini mtu akipiga hodi miguuni pako, tena mtoto, utanyamaza vipi? Sikulelewa hivyo."

"Umefanya vyema."

"Kwani hapa ni kwa nani?"

"Ni kwangu," Sidi akasema.

Jefwa alitazama kigoda chake, akatazama nguzo, akavua kofia. "Basi mimi ndiye mgeni," akasema. "Na mimi ndiye nimekukaribisha. Nisamehe, mama."

"Zege haliwezi kungoja? Siku moja tu?"

"Mama, mimi nalinda tu. Siamui hata kiti changu kikae wapi."

Alimwongoza hadi chumba cha ndani. Mbao za kumiminia zege zilikuwa zimeukumbatia mwimo pande tatu, na vyuma vilisimama nyuma yake, lakini upande wa nne ulikuwa wazi bado. Mistari ilikuwapo. Sidi alipiga magoti, na Jefwa, bila kuulizwa, akainama akabana ncha ya uzi sakafuni kwa kidole. Sidi akafunga fundo penye mstari wa kwanza, wa mtoto wa kushikwa mikono. Akafunga la pili. Alipofika mstari wa mwisho ilimbidi ainuke kidogo, na kifua chake kikawa mkabala na ule mkato, akakumbuka. Hapa. Kichwa kilifika hapa, chini kidogo ya kifungo cha pili, na kilinuka mafuta ya nazi. Akalia kwa sauti, bila kujizuia, huku mikono ikifunga fundo, na Jefwa akaendelea kubana uzi mpaka alipomaliza.

Alimshukuru. Alipopita sebuleni aligusa ukuta kwa kiganja, kisha akapanda akatoka.

Jioni ileile alipima uzi kwenye ukuta wa chumba cha watoto, karibu na rafu, akachora mistari kwa ile rangi isiyo na jina. Mkebe mdogo ulitosha.

Kesho yake zege lilimwagwa. Siku iliyofuata, watoto walivua ndara, wakazipanga, na Griffin akabisha.

"Hodi!"

Wakangoja.

"Hodi!"

Mtoto mmoja mdogo alilaza sikio kwenye mbao akasema hasikii mtu. Griffin akabisha mara ya tatu, kwa sauti kubwa, kama alivyofunzwa: "Hodi wenyewe!" Walikuwa wamefunzwa pia kwamba hodi ni tatu, na usipojibiwa unarudi kwenu bila kununa. Wakavaa ndara zao, wakaketi kuizunguka meza, wakangoja uji.

Jumapili moja, majuma mengi baadaye, akitoka kanisani, Sidi alipitia pale kiwanjani. Jefwa alikuwa ameketi nje ya geti la mabati, kofia magotini.

"Bado wanapiga, mama. Nawasikia," akasema. "Lakini kigoda changu wamekihamishia huku nje. Nikisema karibu nikiwa nje, nitakuwa namkaribisha mtu wapi?"

Sidi alimwambia asijisumbue. Wakajuliana hali, akaenda zake. Nyuma ya geti fleti zilikuwa zimefika ghorofa ya pili, na kwenye bango palichorwa familia ikicheka kwenye kochi.

Desemba ilipofika, viwanda vilikaribia kufunga na Mwende alikuwa akijiandaa kwenda kwao. Siku ya mwisho Sidi aliwapanga watoto ukutani mmoja mmoja, na mkebe wa rangi ya kijani mkononi, kwa sababu watoto hukua na mtu anapaswa kuweka alama. Griffin alikuja wa mwisho. Alisimama penye mistari ya rangi isiyo na jina, akaugusa wa juu kabisa kwa kidole, akaona uko chini ya utosi wake.

"Huyu nimempita," akasema.

"Ndiyo," Sidi akasema. "Yeye alikomea hapo."

Akamwambia asimame wima, visigino vigusane na ukuta, akachovya brashi akachora mstari.