Miezi Sita ya Kisanmarino

Usiku wa jana niliota nimesimama kileleni mwa Titano, mlima wa San Marino, ile nchi ndogo iliyozungukwa na Italia pande zote. Nilikuwa na shairi mfukoni na sikumwogopa mtu.

Ni Jumapili, jua linawaka. Mnara wa kwanza kati ya mitatu ya mlimani unaniinamia.

"Raia?"

"Mshairi," nasema.

"Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha mwenyewe."

"Inaonekana," unasema mnara, kisha unanipisha.

Ndani si mnara tena, ni jiko la Bibi Ersilia. Anakata vitunguu huku analia, na vitunguu vinambembeleza.

"Umekuja siku mbaya, mwanangu. Huku tunatawaliwa na makapteni wawili, miezi sita tu, kisha wanaondoka. Sasa wamegundua kwamba Kisanmarino, lugha niliyolelewa nayo, imekaa madarakani miaka mia saba. Saa sita mchana inatolewa."

"Inapelekwa wapi?"

"Stoo."

"Hamna pa kulalamika?"

"Leo ndiyo siku yenyewe. Jumapili ya kwanza ya makapteni wapya, raia yeyote hupeleka ombi, na lazima walipokee. Ila mimi sijui kupanga maneno."

"Niachie mimi, bibi."

"Huyu anajiamini," kinasema kitunguu kimoja.

Jiko linakuwa ukumbi. Makapteni wamekaa kiti kimoja, kwa kuwa hakuna aliye mkubwa kwa mwenzake. Kila mmoja ana haki ya kumzuia mwingine, kwa hiyo mmoja akiinua kalamu, wa pili anamshusha mkono. Tangu asubuhi karatasi yao ni nyeupe.

Nasoma shairi langu. Beti kumi na mbili, vina vya kati na vya mwisho vimetulia. Naitetea lugha ile kwa Kiswahili safi mpaka saa ya ukutani inapiga makofi.

"Zuri sana," anasema Kapteni wa kushoto. "Tumesikia Kiswahili. Hiyo nyingine iko wapi?"

Napekua mfukoni, nakuta Kiswahili tu. Saa inaomba radhi, inasema imebaki dakika moja. Wapagazi wameshaleta sanduku.

"Sogea," Bibi Ersilia ananiambia.

Anamwendea Kapteni wa kulia na kumfokea kwa Kisanmarino, kidole kikikaribia pua. Sielewi hata neno moja, lakini naijua sauti hiyo. Ni ya bibi yeyote anayemfokea mtoto aliyeacha chakula.

Kapteni anavua kofia. Anajibu kwa Kisanmarino, maneno machache, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita.



"Umeijibu," anasema mwenzake.

"Imenitoka tu."

"Basi bado iko kazini. Andika."

Safari hii hamshushi mkono.

Wapagazi wanaondoka na sanduku tupu. Kwa furaha nachomoa shairi la pili.

"Wewe!" Bibi Ersilia ananifinya sikio kwa vidole vyenye vumbi jeupe la ule mlima. "Kuna mtu amekuomba?"

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Dada yangu Mwanakheri alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Sikio hilo, nani kakufinya?"

Nikaligusa. Lilikuwa la moto. Kwetu udongo ni mwekundu hadi kwenye mashuka, lakini vidole vyangu vilitoka vyeupe.