Mathe Alivyofundisha Kushuka

Tangu Wasiolala waingie Butembo, Mathe hakuwa ameshika shoka wala randa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kabla ya mambo hayo kila mtu wa Mususa, komini moja ya mji huo, alimjua kama fundi wa chukudu, zile baiskeli kubwa za mbao zisizo na pedali wala injini, ambazo mtu hupiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu mwingine, mbele yake gunia la viazi au mzigo wa kabichi. Chukudu zake zilisifiwa kwa magurudumu. Ni ya mviringo kweli, watu walisema, si ya kukisia.

Ugonjwa ulianza mwaka juzi. Mtu aling'atwa, akawaka homa siku mbili, akafa, na kabla waombolezaji hawajamaliza kuimba akasimama. Hakumjua tena mtu. Hakulala. Alifuata sauti popote ilipotoka na kuuma kila chenye damu. Akikosa kula kwa majuma sita alikauka na kuanguka, na safari hiyo hakuinuka. Waliwaita Wasiolala kwa sababu iliwauma kuwaita mashetani watu waliokuwa majirani zao juma lililopita. Pikipiki moja ikiunguruma iliwavuta mia. Ndiyo maana mji mzima wa wafanyabiashara, uliozoea malori na spika za maduka, ulijifunza kunong'ona. Kila kilima kilijizungushia mabati na mbao, na watu wakabaki huko juu na kile walichokuwa nacho.

Siku njia zilipofungwa Mathe alikuwa Beni, amepeleka vitunguu. Alirudi kwa miguu akipita mashambani, siku tisa. Alipofika, majirani walimwonyesha kaburi la mke wake, Élise, nyuma ya nyumba. Kuhusu binti yao Keren, mwenye miaka kumi na saba, hawakuwa na la kumwonyesha. Aling'atwa mkononi akimvuta mama yake ndani. Alipohisi homa imeanza, alijitoa mwenyewe nje ya kizuizi, amevaa kitenge cha kijani cha kwaya, ili asije akamdhuru mtu.

Toka hapo kazi ya Mathe ilikuwa moja. Wasiolala walipopita bondeni, alikaa kwenye kizuizi akitazama nyuso zao, akitafuta kitenge cha kijani, usiku na mchana, usingizi umemkimbia. Watu walimletea ugali na sombe, wakaondoka. Walipomwita Papa Keren, hakuitika.

Providence alikuja asubuhi moja ya mvua, akiburuta chukudu iliyopasuka uma wa mbele. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwembamba, viatu vyake vya mpira vimejaa matope.

"Wavukire, papa," alimsalimu kwa Kinande, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Naomba unitengenezee hii."

"Mi sitengenezi tena."

"Basi unifundishe, nitengeneze miye mwenyewe."

"Sifundishi tena mutu."

Hakuondoka. Aliketi juu ya gogo akaeleza. Mama yake, Kaswera, alikuwa mkunga kwenye maternité, nyumba ya kuzalia, ya kilima cha ng'ambo. Wanawake walikuwa wakizaa huko bila sabuni, bila chumvi, bila nyuzi za kushonea. Vitu hivyo vilikuwapo Mususa, ndani ya maduka yaliyofungwa. Lakini njia ilishuka kilomita mbili hadi bondeni kabla ya kupanda tena, na kwenda na pikipiki ilikuwa kujiitia kifo.

"Chukudu haipigi kelele, papa. Ikishuka, iko kama maji. Lakini nimejaribu mara mbili, na mara mbili nimeanguka."

"Ulianguka namna gani?"

"Sijue kusimama."

Mathe aliitazama ile chukudu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limechongwa na mtu mwenye haraka. Jambo hilo lilimkera, naye akashangaa. Miaka miwili hapakuwa na kitu kilichomkera.

"Nani alikata hii gurudumu?"

"Miye."

"Iko yai."

"Njo maana nimekuja," alisema Providence.

Alimfundisha miezi minne. Alimfundisha kuchagua mkaratusi uliokauka kivulini, usiopasuka. Alimfundisha kupaka ekseli mawese kila asubuhi, kwa kuwa mlio mdogo wa mti juu ya mti husikika mbali kuliko mtu anavyodhani. Zaidi ya yote alimfundisha breki: kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho dereva hukibana kwa kisigino. Alimpandisha mlima na gunia la mchanga na kumshusha, akampandisha tena. Alikuwa mkali. Siku nyingine Providence alilia kwa hasira, akarudi kesho yake.

"Chukudu yenye haijue kusimama haiko chukudu," alimwambia. "Iko jiwe."

Siku moja, wakipumzika, msichana aliuliza polepole, "Keren alikuwa anaogopa kushuka?"

Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja jina hilo mbele yake bila kuinamisha kichwa. Mathe alifuta jasho.

"Alikuwa anafunga macho," alisema. "Hata nipige kelele namna gani, anafunga macho." Na akacheka, cheko fupi lililotoka kama kikohozi, na alipomaliza kucheka alikuta machozi yamemfika kidevuni. Providence alichukua kibati cha mawese akaendelea kupaka ekseli.

Safari ya kwanza ilifika salama na sabuni kilo ishirini. Baada ya safari thelathini, wasichana wengine sita walikuwa wakipiga magoti juu ya chukudu zao katika parseli ya Mathe, ua wa nyumba yake, na mbao mpya zilinukia mpaka barabarani.

Kisha, mwezi wa saba wa mwaka huo, mama mmoja alishindwa kuzaa kule ng'ambo. Daktari alihitaji taa ili ampasue. Kaswera na wenzake walijua maana ya kuwasha jenereta, wakaiwasha. Mtoto alitoka mzima na mama yake akapona, lakini kulipokucha Wasiolala zaidi ya mia tatu walikuwa wameizunguka maternité, wakisukuma mabati kwa vifua vyao. Ndani mlikuwa na watu mia moja na arobaini. Muyisa, mwashi aliyesimamia kizuizi cha Mususa, alitazama kwa darubini akasema ukuta ule utasimama siku mbili, labda tatu.

Providence alimfuata Mathe karakanani.

"Miezi minne umenifundisha kunyamaza, papa. Sasa unifundishe kupiga kelele."

Alikuwa amekwisha fikiria yote. Bondeni, mwisho wa mteremko wa maternité, palikuwa na depo ya kahawa, tupu, yenye kuta ndefu, geti la malori mbele na mlango mdogo wa chuma nyuma. Angepanda usiku kwa kimya hadi juu ya kilima. Asubuhi angeshuka na chukudu iliyofungwa masufuria, awavute wote nyuma yake, aingie getini, atokee mlango wa nyuma. Mmoja angefunga mbele, mwingine nyuma.

"Nitashuka miye," alisema Mathe.

"Hapana, papa. Kushuka unajua. Lakini ukiona kitenge ya kijani katikati yao, utasimama."

Ilikuwa kweli. Mathe alichukua masufuria mawili na mfuniko wa pipa, akaanza kuyafunga kwa waya nyuma ya chukudu.

Asubuhi hiyo haikuwa na ukungu. Mathe alijibanza nje, nyuma ya geti la depo lililoachwa wazi, Muyisa kwenye mlango wa nyuma. Kwanza walisikia kelele tu, masufuria yakigongana huko juu kama harusi ya wendawazimu. Halafu wakamwona Providence akitokea kwenye kona, na nyuma yake barabara nzima imejaa, mia tatu wakivuta miguu, midomo wazi.

Alienda vizuri mpaka nusu ya mteremko. Hapo kipande cha tairi kikang'oka. Mathe alikiona kikiruka. Chukudu ikashika mbio, na Wasiolala wakaanza kuachwa. Wa nyuma walianza kusitasita, wengine wakageuza nyuso kuelekea juu, kwenye maternité.

"Simamisha," Mathe alinong'ona. "Mwanangu, simamisha."

Providence alishusha kiatu chake cha mpira juu ya gurudumu lenyewe, kwa nguvu zote, akaiegemeza chukudu kwenye ukingo wa udongo mpaka ikakwaruza na kusimama. Alishuka. Aligeuka akawatazama. Kisha akachomoa sufuria, akaanza kulipiga kwa jiwe akipaza sauti yake yote, akiita majina ya avenyu za Butembo moja baada ya moja, jinsi makonda walivyoita abiria zamani. Nyuso zikarudi. Zikamjia. Alisubiri. Mathe alihesabu hatua baina yao: thelathini, ishirini, kumi. Ndipo alipopanda tena na kujisukuma.

Alipita getini kama upepo, na wao nyuma yake. Mathe, mgongo ukutani, aliwaona wakipita karibu kiasi cha kuwagusa. Na katikati yao akakiona kitenge cha kijani.

Msichana alikuwa amempa kisogo. Mabega yale yangeweza kuwa ya Keren. Miaka miwili Mathe alikuwa ameingoja dakika hiyo. Hatua tatu na angemwona uso. Lakini ndani ya ua Providence alikuwa ameanguka. Chukudu ilikuwa imepinduka, naye alikuwa akiinuka, akichechemea kuelekea mlango mdogo, na Mathe hakuweza kuondoa macho yake kwake. Alimtazama akikimbia. Alimtazama mpaka mkono wa Muyisa ulipomdaka na kumvuta nje, na mlango ukajifunga. Wa mwisho alipovuka kizingiti, Mathe aliweka bega lake kwenye geti akalisukuma, akateremsha komeo.

Huko juu mtu wa kwanza kupiga kelele za furaha alikuwa Kaswera. Hakuna aliyemnyamazisha.

Majuma sita yalipopita, ndani ya depo pakawa kimya. Walifungua geti, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, na kuwazika wote, kila mmoja na kaburi lake. Mathe alimtazama kila mmoja usoni. Yule wa kitenge cha kijani alikuwa na pengo mbele na kovu kidevuni. Alikuwa binti wa mtu mwingine. Mathe alimfunga katika shuka lake mwenyewe, akasimama mahali ambapo baba yake angesimama, akamlilia kwa sauti, na Providence alisimama kando yake na fimbo yake ya kuchechemea. Keren hakuwamo. Mathe alirudi nyumbani akijua kwamba huenda asimwone kamwe, na alishangaa kuona ana njaa. Alikula sahani mbili, akalala mpaka asubuhi.

Vilima vingine vikaiga. Masufuria yakalia Butembo nzima, na kuta za depo na viwanja zikafanya kazi. Kabla ya Noeli watu walikuwa wakitembea kutoka kilima hadi kilima, na watoto waliozaliwa katika minong'ono wakasikia kwa mara ya kwanza mama zao wakiimba kwa sauti.

Mwezi wa pili chukudu sitini ziliondoka Mususa kwenda Beni, zaidi ya nusu zikiendeshwa na wanawake, zote zikiwa zimebeba viazi, maharage na mbegu. Providence alitangulia. Mathe alikuwa wa mwisho, ili akiona gurudumu linayumba apige mluzi. Pale kwenye mteremko wa Kabasha, ambapo barabara inaangukia joto la chini, alimwona kila mmoja akibana breki mahali alipofundishwa kuibana. Hakuanguka hata mmoja. Akabana yake, magoti yakimlalamikia, akashuka, macho wazi, upepo ukimpiga kifuani.

Beni walikuwa wamesikia uvumi kwamba njia imefunguka, lakini hawakuamini. Walipoona sitini zikiingia mjini walitoka nyuma ya vizuizi vyao na matawi ya mitende, wakapiga ngoma mchana kweupe. Pasta mmoja mzee, Esdras, alimshika Mathe mikono miwili.

"Hawa bote, nani alibafundisha?"

Mathe alimwonyesha Providence aliyekuwa amekwisha zungukwa na wasichana wa Beni, akiwaonyesha kisigino chake.

"Hao njo balinifundisha kulala," alisema. "Miye nilibafundisha chukudu tu."

Walipakia chumvi, mawese na vitambaa. Kurudi ni kupanda, na mzigo ulikuwa mzito. Walipofika chini ya mlima wa Kabasha, Mathe aliinamisha bega asukume, akakuta chukudu imekwenda yenyewe. Aligeuka. Watu wa Beni, mamia kwa mamia, wanaume, wanawake, mpaka wazee wenye mikongojo, walikuwa wamewafuata, mikono yao juu ya mbao, wakisukuma chukudu zote sitini juu ya mlima, wakiimba.