Kinu Upenuni kwa Zebedayo

Nesi Tausi alizungusha vidole vya mikono yake miwili kwenye shavu la mguu wa shemeji yangu Zebedayo. Vidole vikapishana. Akatikisa kichwa.

"Saratani ya utumbo itakatwa, mzee. Daktari wa upasuaji anakuja baada ya wiki saba. Lakini kwa misuli hii, utakatwa usiamke. Kula samaki, kula maharage, na usilale tu. Inuka, kaa, inuka, tembea."

Njiani kurudi Busale, Zebedayo akaniuliza, "Mgonjwa atembee? Huyu binti wa pwani ana utani."

Mimi sikucheka. Miaka minne nyuma mke wangu Kisa, dada yake huyu Zebedayo, alikatwa uvimbe kama huo. Mganga mkuu wa hospitali kubwa alituambia apumzike mpaka siku ya kukatwa, basi. Tukampumzisha miezi miwili kwa ndizi na uji wa sukari. Mashavu yakajaa, miguu ikawa fito. Uzi wa mshono ulishika vizuri, yeye akashindwa hata kukohoa. Siku ya tisa baada ya kukatwa akafa. Wakubwa serikalini siku hizi wameruhusu kila kitu kiingie nchini. Dukani kwa Badru kuna redio za Japani na sabuni za Dubai, ila neno moja la kuokoa mtu halikuletwa hata kwa magendo.

Zebedayo akatandika mkeka upenuni, akalala. Nikimwambia inuka, ananijibu, "Mgane hana kazi, anatafuta wa kumsumbua."

Ndipo nikahamisha kinu kutoka jikoni, nikakiweka karibu na mkeka wake.

Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Kawaida mwanamke ndiye hukwepa, lakini mpunga lazima utwangwe, na mzee mwenye adabu hawezi kumwacha mkwewe asimame migombani mchana kutwa. Nikampa maneno Anyisile, mwana wa Zebedayo, amfikishie mkewe Veronika. Basi Veronika akawa anakuja na ungo, anajificha migombani, anakohoa. Zebedayo anajiinua, anazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye mikakao, anakaa kwenye kigoda kifupi nilichomwekea. Akirudi tu, kikohozi kingine. Mara kumi kwa siku.

Wiki ya tatu akaniita. "Shemeji, huyu mkwe anatwangia wilaya nzima?"

"Mpunga mwaka huu umekubali."

"Si urudishe kinu jikoni?"

"Jiko linavuja."

"Linavuja kiangazi?"

"Ndiyo maana hatujui pa kuziba."

Akanitazama sana, akaomba samaki mwingine.

Wiki ya saba vidole vya Tausi havikukutana. Wakamkata.

Siku ya pili baada ya kukatwa nikamkuta ameelekea ukutani. Nesi wa wodi alishamwomba mara mbili asimame, amekataa.

"Niache nife nimelala," akaniambia.

Nikamwinamia sikioni. "Veronika yuko mlangoni na uji."

Akainuka kabla hajafikiri, mkono tumboni, mpaka dirishani. Ndipo akageuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu. Veronika alikuwa Busale.

"Mwongo wewe," akasema akihema. "Dada yangu aliolewa na mwongo."

"Kohoa kwanza."

Akakohoa, kikatoka kikohozi cha mtu mzima.

Baba yangu alikufa kabla sijaoa. Kisa hakuwa na baba mkwe wa kumkimbia.

Nikakaa kitandani kwa Zebedayo, maana mwenyewe alikuwa bado amesimama, ananitukana.