Beti Kumi na Mbili za Dani

Dani, nyanya yangu aliyenilea Homa Bay, aliniomba kitu kimoja tu. "Nikifa usinililie tu. Wewe mwenye maneno, nitengenezee maneno, watu wajue hapa palikuwa na mtu."

Maneno nilikuwa nayo, na nilijua ninayo. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Nilijifunza huko Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa kurasa za magazeti ambazo mwenye duka alifungia sukari. Nilihesabu mizani kwa vidole huku nikiponda mawe. Kufikia mwaka huu wa 1966 niliamini kwamba kutoka Suna mpaka ziwani hakuna wa kunishinda.

Habari ya msiba iliponifikia, sikulia. Nilikaa siku nzima nikaandika beti kumi na mbili, vina vya kati na vya mwisho vimenyooka kama uzi. Nilimsomea Matiko, Mkuria ninayechimba naye, akapiga paja. "Aisee! Watu wa Pwani wakisikia hii watahama."

Kaburini nilipewa nafasi baada ya mhubiri. Nikafungua karatasi, nikasoma kwa sauti kubwa. Ubeti wa pili, wazee wakavua kofia. Ubeti wa tatu, wanawake wakaacha kulia, wakasimama wima. Moyoni nikasema: Dani, unaona?

Nilipomaliza, mzee mmoja wa ukoo akainua mkono.

"Bwana karani, tumesikia. Sasa hiyo josho ya ng'ombe ni Jumatatu ama Jumanne?"

Kwetu Kiswahili kilikuja na askari na chifu. Mtu akishika karatasi akasema Kiswahili, hiyo ni serikali. Walikuwa wamenipa heshima ya tangazo.

Shangazi Phelesia alicheka machozi yakimtoka. "Woi, mtoto wa ndugu yangu! Mimi nilidhani unatuhamisha."

Binamu yangu Fanuel hakucheka. "Basi tuambie kwa Dholuo, ndugu. Tunataka kusikia."

Nikajaribu. Ubeti wa kwanza ulisema Dani ni lulu. Katika lugha yetu sikuwa na neno la lulu, wala sijawahi kuiona. Wa pili, waridi. Wa tano, tausi. Niligeuza beti zote kumi na mbili, kikabaki hiki: alikuwa mtu mzuri, amekufa.

"Na mguu wake wa kuchechemea?" Fanuel akauliza.

"Haumo."

"Na ugoro aliokuwa anamficha mhubiri?"

Mhubiri akatazama chini. "Haumo," nikasema.

"Na vile alikuwa anaharibu mwisho wa hadithi makusudi, fisi anashinda, ili tumpinge tusisinzie?"

Nikakunja karatasi.

"Sasa ndugu, umemzika nani?"

Ningempiga, wallahi, kama si kaburi kuwa wazi kati yetu. Ndipo Phelesia akaanza kuimba, papo hapo, bila kuandaa. Aliimba mguu wa Dani, mguu uliochelewa kanisani, uliochelewa sokoni, lakini haukuchelewa hata siku moja mtoto alipolia. Mistari miwili tu. Wazee walilia. Na mimi nikalia, kwa maneno ya mtu asiyeweza kuandika jina lake.

Nilidhani kubuni ni kwenda mbali, kuleta kitu ambacho hakuna aliyekiona. Phelesia hakwenda popote. Alikuwa ametazama, basi, miaka yote ile ambayo mimi nilikuwa nahesabu vidole.

Nimerudi Masara. Hii ni wiki ya tatu, na kila asubuhi kabla ya kazi nakaa na karatasi. Matiko ameacha kuniuliza. Nimeamua kuandika bila vina, bila mizani, kitu cha kweli kimoja, kisha kingine, mpaka nyanya yangu asimame mwenyewe. Nimeandika: Dani alikuwa anachechemea mguu wa

Mguu upi?

Nimetembea nyuma yake miaka kumi na minane, kwenda mtoni, kwenda shambani. Nafunga macho, namwona anaondoka, na sioni anaegemea upande gani. Fanuel anajua. Phelesia anajua. Barua ya senti chache ingetosha, nami nimeapa sitaiandika; nitakuwa nimeazima macho yao.