Magunzi Ndani ya Giabox

"Nimekuita ubadilishe oili ya injini. Nani amekutuma kwa giabox?"

"Hakuna mtu amenituma."

"Basi toka huko chini."

"Sitoki."

"Jotham, hii gali ni ya nani?"

"Ni yako, Senge. Lakini giabox nitafungua."

Nilikuwa nimelala mgongo chini ya pikap aina ya Pijo, uani kwa senge yangu Sellah, dada ya baba, pale Myanga. Kutoka huko chini sikuona kitu yake ingine ila miguu: patipati ya bluu, na kisigino kimepasuka kama shamba ya Januari. Gari kwake ni 'gali', tangu zamani. Kisigino kiligonga ardhi mara mbili. Nasike, binti yake, alikuwa kwa mlango wa jikoni akichambua maharagwe, na nilisikia vile anajizuia kucheka.

"Mama, si wewe ulituambia Jotham ana mkono wa fundi?"

"Nilisema mkono. Sikusema kichwa."

Halafu akaniinamia, mpaka nikaona kitambaa chake cha kichwa na jicho moja. "Mwenye kuniuzia aliwasha hii gali mbele yangu. Akaingiza gia zote, moja moja. Akaniambia, mama, sikiza. Nikasikiza. Kimya. Hata gali ya askofu haina hiyo kimya. Sasa wewe unataka kufungua kitu haijalia?"

"Ndio hiyo kimya naogopa, Senge."

"Unaogopa kimya. Ulitoka shule mapema sana wewe."

Hiyo ya shule ilikuwa kweli. Nilitoka Form Two, si juu ya karo, ni juu ya makalio, hayakutaka kukaa. Nikapanda Kitale na nguo mbili kwa karatasi. Kitale ya hiyo miaka, kijana mwenye hakuogopa kuchafuka hakukosa kazi. Malori ya mahindi yalijaa mji mzima, na yote yalikuwa yanakohoa.

Mtu wa kwanza kuniandika kazi aliitwa Hillary. Mtu wa kwetu Bungoma, meno mazuri, salamu nyingi. Alikuwa na yadi nyuma ya kisiagi, mahali unga ilikuwa inaanguka juu ya magari siku mzima kama umande mweupe. Hillary hakuwa anatengeneza magari. Alikuwa anayapamba. Gari iliingia kwake kama mgonjwa, ikatoka kama bibi harusi, na vile ilifika kwa mwenye kuinunua, hiyo haikuwa shida yake.

Siku moja iliingia pikap ya Pijo, rangi ya maziwa yaliyolala. Giabox yake ilikuwa inalia. Ukiingiza gia ya tatu inalia kama mtoto ameachwa kwa nyumba. Beringi zilikuwa zimekwisha. Hillary alisikiza, akatabasamu, akaniambia niende kwa kisiagi niombe vumbi ya magunzi. Magunzi ni yale hubaki ukishapukuchua mahindi. Pale kisiagi walikuwa wanasaga ya ng'ombe. Nikaleta kopo mzima. Akanionyesha: changanya na oili nzito, pitisha kwa ile tundu ya kando, funga. Mimi ndiye nililala chini. Spana ilikuwa namba kubwa kuliko nati, ikateleza, ikakula pembe moja ya nati na ngozi ya kidole changu cha kati. Tukawasha gari. Kimya. Magunzi yalikuwa yamejaza kila pengo, meno ya gia yanauma tope badala ya kuumana.

Nilicheka, nisiwadanganye. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona nimejifunza uchawi. Hillary alinipiga bega akasema, "Sasa wewe ni fundi."

Miezi sita baadaye nilitoka kwake, hiyo pikap bado inangoja mnunuzi pale yadi, nikaenda kwa mzee Wachira, mwenye gereji ndogo njia ya kwenda Kapenguria. Wachira hakuwa na meno mazuri wala salamu. Wiki ya kwanza hakunipa spana; alinipa kitambaa cheupe. Kila oili ikitoka kwa gari yoyote, nichovye kidole, nipanguse kwa kitambaa, nimwambie imekula nini. Vumbi, maji, chuma, moto. "Gari haijui kudanganya," alikuwa anasema. "Ukisikia gari imedanganya, jua kuna mtu ameifundisha." Sikumwambia habari ya magunzi. Nilianza kuyaota tu.

Basi mwaka wa elfu mbili na sita, mwezi wa tatu, wiki mbili kabla ya mvua, Senge akapiga simu kutoka kwa kibanda. Amenunua gari. Wanaume wa boma walikuwa wamemcheka: mjane na gari wapi na wapi, si atafute punda. Miaka nane, tangu mume wake azikwe, alikuwa akipeleka vitunguu soko ya Chwele kwa gari za watu, akipewa nafasi ya mwisho, akishushwa kukiwa na mzigo wa mwanaume. Sasa ameuza mitamba wawili, amenunua yake. Jumapili pasta anakuja kuiombea, Jumatatu inaanza Chwele. Nije Jumamosi nibadilishe oili, niangalie maji na breki, kwa sababu gari ya kununua kwa mtu lazima kwanza itapishwe mambo ya huyo mtu.

Nilishuka Myanga asubuhi, nikavuka barabara, nikaona pikap uani. Rangi ilikuwa imebadilishwa, kijani ya majani ya chai. Sikushtuka. Pijo ni nyingi. Nikapiga jeki, nikaweka mawe, nikaingia chini na karai yangu.

Nati ya kando ya giabox ilikuwa imekulwa pembe moja.

Niliweka kidole changu cha kati hapo, kovu juu ya pengo. Zilitoshana.

Ningeweza kunyamaza. Hiyo ndiyo kitu nataka mjue. Hakuna mtu angejua. Ningefanya vitu vitatu nimeitiwa, nikule kuku, nipande kurudi Kitale. Giabox ingeenda mwezi, ingeenda minne. Halafu siku moja, na vitunguu magunia kumi nyuma, ule tope ungekauka, oili ishindwe kufika kwa beringi, na gari ishikane ikiwa mlimani. Senge angekuwa mbele, kando ya dereva, na Biblia ndani ya mkoba.

Nikaanza na injini. Oili ilitoka nyeusi, nyepesi kama maji ya masizi. Senge akatikisa kichwa. Nikatoa maji ya radieta. Yalikuwa mekundu kama mto Nzoia ukifurika. Akatikisa tena. Mafuta ya breki ilikuwa chai ya rangi, na inafaa kuwa karibu maji safi. Nikatoa hewa kwa breki, gurudumu moja moja, Nasike akikanyaga pedali na kuhesabu kwa sauti kama mwalimu wa nasari. Mpaka hapo nilikuwa fundi mzuri. Senge aliniletea chai mwenyewe.

Halafu nikarudi chini na spana ya namba sawa, na ugomvi ukaanza, na mko nao tayari.

"Nitafungua," nikamwambia tena. "Ukitaka nipige, lakini ngoja nimalize."

Nikafungua nati ya chini.

Oili ya giabox inafaa kuanguka kama asali. Hii haikuanguka. Ilichungulia kwanza, ikajivuta, ikadondoka kwa karai, ikarundikana. Uji wa wimbi uliolala. Nasike aliacha maharagwe akaja.

"Hiyo ni nini? Gari imeharisha?"

Hakuna mtu alicheka. Senge alichuchumaa kando ya karai. Akaingiza vidole viwili, akasugua, akanusa. Huyo mama amepukuchua mahindi tangu kuzaliwa. Humwambii ni nini.

"Haya ni magunzi," akasema.

Nilipangusa spana kwa suruali.

"Mtu amechukua magunzi akaweka ndani ya gali. Ndio inyamaze."

"Ndio, Senge."

Akasimama, akarudi nyuma mpaka nikamwona mzima kutoka huko chini. Akafungua kitambaa cha kichwa, polepole, akakikunja, akampa Nasike. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyodhani. Nasike alishika hicho kitambaa kwa mikono miwili akarudi nyuma hatua moja, na mimi nikajua anaenda kulaani.

Kwetu baba yako akikukasirikia, mtaongea, iko njia. Mama vilevile. Lakini senge, dada ya baba, huyo akitamka neno juu ya mtoto wa kaka yake, hiyo neno haina rivasi, hairudi. Ndio maana masenge huheshimiwa mpaka na walevi. Na Senge Sellah hakuwa anajua ni mtoto wa nani anamtamkia. Kwake huyo mtu alikuwa mwizi tu, hana jina.

"Wele, Mungu wetu, ananiona," akaanza, sauti ya chini kabisa, kama mtu anasoma barua. "Mimi sina mume. Nilitoa mitamba wangu. Mtu aliyelala chini ya hii gali akaweka haya, mimi simjui, lakini mikono yake inajijua. Hiyo mikono, kila kitu itashika—"

"Senge, usimalize."

Nilikuwa bado chini. Nilitoka na mgongo, haraka, nikagonga kichwa kwa chuma, nikapiga magoti mbele yake na oili imenishuka mpaka kiwiko.

"Usimalize. Ni hii."

Nikamwonyesha mikono yote miwili.

Alinitazama kama mtu anatazama mvua ya mawe.

"Nilikuwa kwa yadi ya Hillary. Sikujua itanunuliwa na nani."

"Ingenunuliwa na mwingine ingekuwa sawa?"

Nimetafuta jibu ya hilo swali tangu siku hiyo. Sasa niko na kijigereji changu Kitale, mabati sita na miti nne, na bado. Wakati huo nilisema tu, "Hapana."

Kuku walipita katikati yetu. Mdomo wa Senge ulikuwa wazi kidogo, na niliona hiyo neno iko hapo ndani, imefika kwa meno. Nilingoja. Akafunga mdomo. Shingo yake ilishuka na kupanda, kama mtu amemeza dawa bila maji.

"Maliza kazi," akasema.

Nilimaliza. Nilijaza giabox na dizeli, nikazungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono hewani, nikamwaga. Ikatoka uji. Nikajaza tena. Ikatoka uji mwepesi. Jua lilifika katikati, likapita. Nasike alileta chakula, akaiweka juu ya jiwe bila mzaha wowote, na ikapoa hapo. Mara ya tano dizeli ilitoka na punje chache. Mara ya saba nilichovya kidole, nikapangusa kwa kitambaa cheupe, nikaona dizeli tu na vumbi laini ya chuma. Nikafunga ya chini, nikaweka oili mpya mpaka ikachungulia kwa tundu ya kando. Ile nati iliyokulwa pembe niliitupa kwa choo. Nilikuwa nimebeba nyingine kwa mfuko. Sijui kwa nini, fundi hubeba.

Nikashusha gari, nikawasha. Senge alichukua kitambaa kwa Nasike, akakitia kwa mkoba, akaingia mbele bila kuitwa, akashika mkoba kwa magoti.

Tulitoka mpaka barabara ya lami. Gia ya kwanza, ya pili. Nilipoingiza ya tatu, gari ikalia. Ilikuwa kilio ileile ya yadi, nyembamba, ndefu, bila aibu. Watu kwa duka waligeuka. Mzee mmoja wa wale walicheka habari ya punda alisimama kabisa.

"Hiyo ndio sauti yake?" Senge aliuliza.

"Ndio. Ni beringi. Sasa oili inafika, haitashikana. Lakini italia mpaka nilete zingine Kitale. Nitaleta. Nitaweka mwenyewe."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

"Kwa hivyo kesho pasta anaombea gali inalia."

"Ndio, Senge."

Tukarudi uani. Nilizima. Alishuka, akazunguka mbele ya gari, akaja upande wangu. Alitoa kitambaa cha kichwa kwa mkoba. Nilidhani anakivaa. Alishika mkono wangu wa kulia, ule wa kovu, akaupangusa oili, kidole baada ya kidole, kwa nguvu, kama mtu anasugua sufuria imeungua. Kisha wa kushoto. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa cheusi, mikono haikuwa misafi.

"Ile neno sijaitema," akasema. "Na sijaimeza yote. Iko hapa." Akagusa koo. "Utaleta beringi, nitasikiza gali."

"Nitaleta."

"Nimesema nitasikiza."

Akaweka kitambaa kichafu juu ya kichwa chake, akakifunga fundo nyuma bila haraka, akageuka, akaenda zake kwa nyumba.