Ekseli ya Kushoto

Mara mbili Biasha alituma watu Nachingwea kumwita fundi Selestini, na mara mbili Selestini alitoa udhuru. Mara ya kwanza alisema ana homa. Mara ya pili akasema ameshusha injini ya watu, hawezi kuiacha chini. Mara ya tatu Biasha alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye basi la Ruangwa saa nne asubuhi, mwezi wa saba mwaka 1998, eda yake ikiwa imekwisha, akaenda moja kwa moja gereji na kusimama penye mlango wa mabati mpaka Selestini akatoka uvunguni mwa gari na kumwona.

"Shemeji," alisema Biasha, "sikuja kukuuliza kwa nini hukutokea msibani. Nimekuja unisaidie gari."

Selestini alifuta mikono kwa tambara, akarudia, akarudia tena. Mume wa mwanamke huyu, Mikidadi, alikuwa rafiki yake wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa akibeba korosho na ufuta kwa pikapu yake ya kijani, kutoka Nambambo na Kilimarondo hadi Ruangwa. Mwezi wa kwanza, katika zile mvua za El Niño zilizokata barabara zote za kusini, alizama nayo kwenye korongo lililo njiani kati ya Nachingwea na Ruangwa. Korongo lenyewe mwaka mzima ni mchanga mtupu, watoto huchezea mpira humo. Siku ile maji yalikuwa yamefika nusu ya matairi tu, na Mikidadi akaona atapita.

Utingo wake, Dastani, aliruka akavuka kwa miguu hadi ukingoni, naye ndiye aliyesimulia. "Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa," aliwaambia watu. "Anaingiza gia, anakanyaga mafuta, gari limesimama tu. Tunamwita toka, toka, hatoki. Halafu maji yakaja kutoka juu, mengi, yana magogo."

Selestini alipoelezwa maneno hayo aliketi juu ya tairi bovu. Tangu siku hiyo alikuwa akisikia mngurumo ambao hakuwahi kuusikia kwa masikio yake: injini inapanda, inapanda, na gari haliendi. Aliusikia akiwa kanisani. Aliusikia mkewe akitwanga mahindi uani. Mteja akiwasha gari gereji, yeye alikuwa wa kwanza kutazama kama matairi yanazunguka.

"Nitakuja," alimwambia Biasha. Hakuwa na udhuru uliobaki.

Ndani ya basi waliketi kiti kimoja. Kwa muda mrefu Biasha alitazama vumbi nje. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema mengi moyoni.

"Wanasema marehemu amelishika gari lake. Trekta lililivuta mvua zilipokwisha, fundi wa pale kwetu akalisafisha, likawaka siku ya pili. Lakini haliendi. Akabadilisha klachi nzima, haliendi. Akakusanya spana zake akasema hii si kazi ya fundi. Shemeji yangu Rahimu akaleta mganga, akafukiza siku mbili. Haliendi."

"Gari likikaa kwenye maji..." alianza Selestini.

"Ngoja nimalize. Asubuhi ile tuligombana. Nilimwambia, nenda, na ukienda usirudi. Mama yake alikuwa uani, alisikia. Sasa wifi zangu wanasema alikaa mle ndani kwa makusudi, kwa sababu yangu. Kwamba alikuwa anakanyaga mafuta tu huku anasubiri maji." Alikunja pindo la kanga, akalikunjua. "Na mimi, shemeji, naamini hivyo hivyo. Mtu anaitwa atoke, hatoki. Kwa nini?"

Selestini alijua kwa nini, au alidhani anajua.

Pikapu ilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya banda la kuku, tope limekauka kwenye mikunjo yote ya bodi. Hakuna aliyekuwa ameanika nguo karibu nayo. Rahimu, mdogo wake marehemu, alisimama mbali na kusema kwamba lilipotolewa korongoni gia ilikuwa imebaki kwenye rivasi. Hakusogea zaidi ya hapo.

"Nani atakaa ndani akanyage klachi?" aliuliza Selestini.

Rahimu alitazama chini. Biasha akafungua mlango, akapanda kwenye kiti cha mumewe. Mikidadi aliwahi kumfundisha, wakizunguka uwanja wa mpira.

Injini ilishika mara ya tatu. Selestini alimwelekeza akiwa dirishani. Biasha akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Iliingia laini, bila kusaga. Akaachia klachi. Gari zima, ambalo lingepaswa kwenda au kuzimika, lilitetemeka kidogo na kubaki pale pale, injini ikinguruma. Ulikuwa ule ule. Mngurumo aliokuwa akiusikia miezi sita ulikuwa huu hasa, bila tofauti yoyote.

Alisukuma mawe mbele na nyuma ya matairi. Kisha akalala chali na kujivuta uvunguni.

Pale chini palikuwa na harufu ya tope la korongo. "Weka gia tena!" alipaza sauti. Propela shafti, chuma kile kirefu kinachotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma, kilianza kuzunguka juu ya pua yake. Basi klachi ilikuwa nzima, na gia boksi nzima. Nguvu ilitoka injini ikafika nyuma, na huko nyuma ikapotea. Miguu ya Biasha ilikuwa juu yake, nyuma ya bati jembamba. Akili ilimwambia kwamba gari hili likikumbuka kwenda sasa hivi, mawe yale hayatalizuia. Alikaa chini humo muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, na hakuweza kusema kama alikuwa akiogopa liende au akitamani.

"Zima," alisema hatimaye.

Alifungua nati za gurudumu la nyuma kushoto, zile za katikati zinazoshika ekseli. Hakugusa la kulia. Rahimu aliona hilo, lakini hakujua maana yake. Selestini alivuta, na chuma ambacho kingepaswa kutoka kirefu kama mkono wa mtu mzima kilitoka kifupi, kimekatika kabla ya meno ya ncha yake ya ndani. Alikifuta. Mahali kilipokatikia palikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa ilikuwa na chembechembe, imeachana kwa mara moja, na ukingoni palikuwa na kipande cheusi, laini, kilichosuguana siku nyingi. Ufa wa zamani.

"Njoo uone, shemeji," alisema. "Ekseli imekatika. Ikikatika, injini itanguruma mpaka kesho, gari haliendi mbele wala nyuma. Hakuna aliyelishika. Na yeye hakukaa kwa makusudi. Alijaribu gia zote. Rivasi ilikuwa ya mwisho. Alikuwa anarudi huku, nyumbani. Injini ilikuwa inaitika vizuri, ndiyo maana hakutoka. Kila gia aliona labda hii."

Biasha alikishika kile chuma kwa mikono miwili. "Alikuwa anarudi," alisema. Kisha akachutama pale pale karibu na gurudumu na kulia, kilio kikubwa ambacho watu wa nyumba ile hawakuwa wamekisikia hata siku ya maziko. Alipopata pumzi alimshika Selestini mkono uliojaa girisi. "Mungu akulipe, shemeji. Mungu akulipe wewe na watoto wako. Umeniondolea..."

"Usiniombee," alisema Selestini.

Angeweza kunyamaza. Chuma kilikuwa kimeshasema nusu inayomtosha Biasha. Lakini ile dua ilimwingia kama maji ya moto.

"Ekseli hii niliifunga mimi, kabla ya Krismasi. Ilikuwa ya gari bovu. Niliuona ufa, mwembamba kama unywele. Mikidadi alikuwa na haraka, korosho za watu zilikuwa zinanyeshewa Nambambo. Nilisema moyoni, itafika mwaka mpya, nitambadilishia. Akaniuliza, vipi, iko sawa? Nikamwambia iko safi."

Biasha aliuachia mkono wake.

"Uliuona?"

"Niliuona."

Kuku walikuwa wakiparura chini ya gari. Biasha alisimama, akajifunga kanga upya. Aliposema, hakumwita tena shemeji.

"Fundi, maneno hayo utayasema mbele ya mama yake. Mimi nimeyabeba yangu uani humu miezi sita. Na wewe utayabeba yako."

Mama yake Mikidadi alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, akichambua mbaazi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Selestini, Mmakonde wa kuzaliwa, alikuwa na Kimwera cha kununulia mihogo tu. Ikabidi Biasha atafsiri. Selestini alisema sentensi moja na kusubiri, naye Biasha akaigeuza Kimwera, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza, pamoja na "iko safi". Rahimu alisimama nyuma yao, akikunja na kukunjua ngumi. Mikono ya bibi ilisimama kwenye ungo.

Akauliza kitu.

"Anauliza una watoto," alisema Biasha.

"Watatu."

"Wa kiume wangapi?"

"Mmoja."

Bibi alitikisa kichwa. Kisha akasema maneno mengine, machache, ya chini sana, akimtazama Selestini usoni. Selestini alimgeukia Biasha. Biasha alikuwa ameinamisha kichwa, ametazama mbaazi. Rahimu naye akageuza uso.

"Amesemaje?"

Biasha hakutafsiri. Aliinua ungo, akamshika mkwewe kiwiko, wakaingia ndani pamoja.

Wiki iliyofuata Selestini alileta ekseli mpya, akaifunga, na pikapu ikatoka uani yenyewe, ikauzwa Lindi. Alikuwa na wateja Wamwera wengi pale Nachingwea. Angeweza kumwuliza yeyote, lakini aliogopa jibu, kwa ajili ya mwanawe. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akiyapitia yale maneno kichwani, sauti bila maana, mpaka akawa anaweza kuyatamka yote bila kukosea. Hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu.